Udongo tunao, kinachokosekana ni kiwanda cha katikati

Mtu akinunua ploti Syokimau, Kitengela au ndani kule Embakasi, gharama ya kwanza inayomkuta si saruji wala vyuma. Ni lori. Fundi atashuka shimoni, atalifinya bonge la udongo mweusi kiganjani, kisha atatoa hukumu ambayo wajenzi wa Nairobi wameizoea: chimba mpaka ufike kwenye maram au mwamba, huu wote utolewe ukamwagwe mbali. Udongo huo, ule tunaouita wa pamba, hunywa maji ya masika ukavimba, halafu jua la Januari huukausha mpaka ukaachia nyufa za kuingiza mkono. Nyumba iliyosimamishwa juu yake kwa haraka hupasuka nao.

Kinachovimba humo ni madini ya jamii ya smektaiti, na yenye jina kubwa katika jamii hiyo ni montmorilonaiti. Yakipatikana mahali yalipolala kwa wingi na usafi wa kutosha, udongo wake huitwa bentonaiti na huuzwa kwa magunia duniani kote: kwa wachimba visima, kwa wenye viwanda vya chuma wanaofinyanga kalibu za mchanga, hata kwa wafuga paka. Tangu miaka ya 1980 madini hayo yameingia pia kwenye plastiki. Habari hiyo kila ikifika kwetu hufika na hamasa ile ile: udongo tunao, taka za plastiki tunazo, tuchanganye tutajirike.

Nina ugomvi na hamasa hiyo, ingawa sayansi yenyewe ni ya kweli na ni nzuri. Udongo ndio sehemu nyepesi ya hesabu hii. Sehemu nzito ni kazi ya katikati: kuusafisha, kuubadilisha uso wake, kuukausha, kuukanda ndani ya plastiki na kupima kilichotoka. Tuna wachimbaji upande mmoja na wenye mashine za plastiki upande wa pili. Katikati yao pamekuwa wazi, na hotuba nyingi ninazozisikia kuhusu utajiri wa ardhi yetu huruka pale pale palipo wazi.

Kwanza kilichowashangaza watu. Watafiti wa maabara kuu ya Toyota nchini Japani walichukua montmorilonaiti iliyorekebishwa, wakaitengenezea nailoni 6 katikati ya tabaka zake, yaani minyororo ya nailoni ilikua ikiwa tayari ndani ya udongo. Udongo haukufika hata asilimia 5 ya uzito. Nguvu ya kuvutwa kabla ya kukatika ilipanda kutoka karibu megapaskali 69 hadi zaidi ya 100. Ukakamavu wake ukawa karibu maradufu. Na joto ambalo kipande kilichobebeshwa mzigo huanza kupinda likaruka kutoka nyuzi 65 hivi hadi karibu nyuzi 150. Nambari hiyo ya mwisho ndiyo ya kuikazia macho, kwa sababu nyuzi 65 chini ya boneti ya gari ni jambo la kila siku, ilhali plastiki inayostahimili nyuzi 150 inaweza kuwa jirani wa injini bila wasiwasi. Toyota wakaitengenezea kifuniko cha mkanda wa taimingi, kile ambacho fundi wa magereji ya Grogan hukiondoa kwanza anapotaka kubadilisha mkanda. Baadaye, kwenye magari ya mwaka 2002, General Motors nao walitumia udongo katika plastiki ya jamii ya polipropilini kutengenezea vikanyagio vya pembeni vya magari ya Safari na Astro.

Asilimia 5 inawezaje kufanya kazi ambayo unga wa mawe ya chokaa huishindwa hata ukiwekwa asilimia 30? Siri iko kwenye umbo. Tabaka moja la montmorilonaiti lina unene wa nanomita 1 tu, lakini upana wake ni mara mia au zaidi ya huo unene. Tabaka hizo zimelaliana na kugandamana kama kurasa za kitabu kilicholowa maji kikakauka. Ukikitumbukiza kitabu kizima kwenye plastiki, umeongeza kokoto. Ukizibandua kurasa zake moja moja, kila gramu ya udongo inakupa zaidi ya mita za mraba 700 za uso wa kushikana na plastiki. Hapo minyororo ya plastiki haina pa kukwepea: imebanwa kila upande na kitu kigumu, kipana na chembamba mno. Hewa nayo ikitaka kupenya lazima izunguke kila ukurasa inaokutana nao, kwa hiyo safari yake inarefuka sana.

Kubandua huko ndiko penye kazi. Kila tabaka hubeba chaji hasi, na chaji hiyo husawazishwa na ioni za sodiamu au kalsiamu zilizokaa katikati. Ioni hizo hupenda maji. Plastiki nyingi ni watoto wa mafuta, na maji na mafuta mnajua hali yao. Kwa hiyo lazima sodiamu itolewe, nafasi yake ichukuliwe na chumvi ya amonia yenye mkia mrefu wa mafuta. Kichwa kinashika udongo, mkia unaikaribisha plastiki. Jambo hili John W. Jordan wa National Lead nchini Marekani aliliandika mwaka 1949, na kilichofuata ni funzo ambalo hatulitumii. Udongo huo haukuanza na plastiki hata kidogo. Uliuzwa kwa watengenezaji wa rangi na wa grisi, kwa kuwa huifanya rangi ya mafuta iwe nzito mkebeni bila rangi kuzama chini, na huishikilia grisi isitiririke kwenye joto. Miaka 40 kabla ya Toyota, tayari kulikuwa na kiwanda, mteja na bei. Plastiki ilikuja kwenye karamu iliyokwisha kuandaliwa.

Hapa nyumbani tunataka kuanza na plastiki moja kwa moja, tena ile inayopendeza kwenye ripoti. Mtu mwenye mtaji wa kusafisha bentonaiti karibu na Nairobi anapaswa kuhesabu wateja wake kwa mpangilio mwingine. Visima vya mvuke kama vile vya Olkaria huchimbwa kwa tope, na bentonaiti ndiyo kiungo cha tope hilo hasa katika sehemu za juu za kisima. Viwanda vya rangi vya Industrial Area vinahitaji vizitisho vya rangi za mafuta. Viwanda vya chakula cha mifugo hutumia udongo huu kunasa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Wateja hao watatu hawadai udongo uliobanduka ukurasa kwa ukurasa. Wanadai udongo safi, wa kiwango kile kile wiki hadi wiki. Kiwanda kikiweza kuwaridhisha hao ndipo kinakuwa na uso wa kwenda kwa mwenye mashine ya plastiki, maana huyo ndiye mteja mgumu kuliko wote.

Ugumu wake si kiburi. Mfanyakazi wa kiwanda cha ndoo hufungua gunia la kilo 25 la punje za resini, yaani plastiki ghafi, hulimimina kwenye mdomo wa mashine, kisha huongeza kipimo cha punje nyeupe za mchanganyiko mama, zile ambazo ndani yake kumejaa unga wa chokaa. Hivyo tu. Punje hazirushi vumbi, hazinyonyi unyevu, na mashine haijui tofauti. Sasa mletee udongo wa unga. Utatimka, utagandamana, na unyevu ulionyonywa usiku kucha utageuka mvuke ndani ya pipa la moto, ndoo itoke na michirizi ya fedha na viputo kwenye kingo. Atakufukuza, na atakuwa na haki. Ili udongo umfikie katika umbo analolijua, mtu mwingine lazima awe ameukausha na kuukanda ndani ya plastiki kwa mashine yenye skrubu mbili zinazosaga kwa nguvu, kisha akaukata punje. Mashine hiyo na fundi anayeijua tabia yake ndio moyo wa kiwanda cha katikati ninachokisema.

Halafu kuna mambo ambayo hotuba hazigusi. Chumvi zile za amonia huanza kuvunjika joto linapokaribia nyuzi 200. Polithini inapona, lakini nailoni hukandwa kwa zaidi ya nyuzi 230 na polyesta ya chupa za soda kwa zaidi ya 260. Mikia inaungua, plastiki inageuka njano na kutoa harufu. Polipropilini na polithini, ambazo ndizo tunazotumia zaidi, haziukubali udongo hata ukiwa umeshavishwa mkia, mpaka uongeze plastiki ya aina ile ile iliyounganishwa na anhidridi ya maleiki iwe mpatanishi. Mpatanishi huyo anagharimu pesa. Ndiyo maana ule mlipuko wa biashara uliotabiriwa miaka ya 1990 haukuja kwa ukubwa ulioahidiwa, hata huko kwenye mitaji. Udongo ulipata vyumba vyake maalumu, lakini nyumba nzima haikuwa yake.

Kwetu kuna la ziada, nalo ni jua. Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mionzi inayotua kwenye tangi la maji la paa ni mikali. Udongo mara nyingi huharakisha kuoza kwa plastiki juani, hasa ukiwa na chuma ndani yake, na udongo wetu mweusi una chuma. Isitoshe, madini yenye vinyweleo au uso mpana huzinyonya dawa za kinga ambazo mtengenezaji ameziweka ili plastiki isiungue na mionzi. Dawa imo kwenye fomula lakini imefungiwa ndani ya udongo, haifanyi kazi. Matokeo yake ni kiti kinachofaulu majaribio yote ya maabara Machi na kuanza kuchanika mguu mwaka unaofuata. Yeyote anayekuletea matokeo ya nguvu ya kuvutwa bila matokeo ya kuanikwa juani amekuletea nusu ya kazi.

Kwa hiyo, swali la udongo wa Syokimau. Mara nyingi naulizwa kama yale malori hayabebi mali. Yanabeba mchanganyiko: smektaiti ndiyo, lakini pamoja na kaolini, mchanga, chuma, mabaki ya mimea, na katikati ya tabaka zake kwa kawaida kuna kalsiamu kuliko sodiamu. Kuusafisha mpaka ufae plastiki kutakula maji na umeme mwingi kuliko thamani ya unachopata. Mwenye ploti amwage tu.

Jiwe linalonivutia zaidi liko upande mwingine kabisa, kwenye Bonde la Ufa. Kariandusi, karibu na Gilgil, wengi wanaijua kwa shoka za mawe za watu wa kale, eneo ambalo Louis Leakey alilifikia mwaka 1928. Pembeni ya shoka hizo kuna kuta nyeupe zinazoumiza macho saa sita mchana. Ni diatomaiti, mabaki ya mwani mdogo sana wa ziwa la kale, kila mmoja ukiwa umejijengea ganda la silika lenye matundu yaliyopangwa kwa nidhamu ya kustaajabisha. Bonge lake likikauka ni jepesi kuliko macho yanavyodhani, na ukiligusisha ulimi linanata, kwa sababu linakunyang'anya mate. Limechimbwa tangu miaka ya 1940, na kwa kawaida watu hulitaja kwa kuchuja bia na mafuta.

Kwenye plastiki kazi yake haina utukufu wowote, na ndiyo sababu naipenda. Chukua mfuko wa mkate. Karatasi yake ya polithini ni laini mno kiasi kwamba pande zake mbili hung'ang'aniana, na mashine ya kiwanda cha mikate hutegemea upepo mdogo tu kuufungua. Mfuko usipofunguka, mkate unakwenda sakafuni na laini nzima inasimama. Dawa yake ni kuchanganya kwenye resini unga wa diatomaiti, chini ya asilimia 1, wenye chembe za ukubwa wa maikromita chache. Chembe hizo zinachomoza kidogo kwenye uso wa karatasi, zinaipa ukwaru usioonekana, na pande mbili haziwezi tena kugandana. Hakuna haja ya kubandua tabaka, hakuna chumvi ya amonia, hakuna mpatanishi. Kinachohitajika ni kusaga kwa usawa, kuchuja chembe kubwa zitakazotoboa karatasi, weupe wa kuaminika, na kukausha.

Orodha hiyo fupi ndiyo inayotenganisha jiwe la bei ya mawe na bidhaa ya bei ya kemikali. Chembe moja ya maikromita 60 kwenye karatasi yenye unene wa maikromita 30 ni tundu. Gunia moja la kijivu kati ya magunia meupe ni malalamiko ya mteja. Mnunuzi hanunui silika, ananunua uhakika kwamba gunia la Desemba litafanana na la Juni, na uhakika huo hupatikana kwa mashine ya kupima ukubwa wa chembe na mtu anayelipwa kuitazama kila zamu.

Kuna tahadhari moja ambayo haifai kuwekwa chini ya busati. Diatomaiti ghafi ni silika isiyo na umbo la fuwele kwa sehemu kubwa. Ikichomwa kwa joto la nyuzi 900 na zaidi ili iwe nyeupe na ngumu, sehemu yake hugeuka kristobalaiti, silika ya fuwele. Vumbi la silika ya fuwele huleta ugonjwa wa mapafu usio na dawa, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa wanaolivuta kazini. Kijana anayepakia magunia akiwa na leso usoni hajakingwa na chochote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ipo. Kinachopungua ni mkaguzi mwenye kipimo cha vumbi mkononi. Ikiwa bei yetu itashuka kwa sababu tumeacha kununua vichujio vya hewa, basi afadhali hiyo biashara wapewe wengine.

Huko Amboseli, kwenye mpaka na Tanzania, kuna tabaka za sepiolaiti, silikati yenye nyuzi na mifereji midogo ndani yake, ambayo upande wa Sinya ilichimbwa kutengenezea viko vya kuvutia tumbaku. Wataalamu wa plastiki wanaipenda kwa vile nyuzi zake hutawanyika bila ubishi mwingi. Naitaja ili niseme siitaki. Hispania wanayo ya kutosha na wamejifunza kuiuza. Tembo wa Amboseli wanalipa zaidi wakiwa hai kwenye uwanda usio na mashimo.

Turudi mjini, kwenye taka. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017, na zaidi baada ya Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 iliyoweka msingi wa kumbebesha mtengenezaji mzigo wa bidhaa yake hadi mwisho wake, plastiki iliyotumika imeanza kuwa na wenyewe. Resini mpya ya polithini na polipropilini tunaiagiza nje yote. Hatuna kiwanda cha kuitengeneza, na hata kile cha kusafisha mafuta ghafi Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Kwa hiyo kilo ya polipropilini iliyookotwa kwenye jalala la Dandora, ikaoshwa na kusagwa, ni kilo ambayo haikununuliwa kwa dola. Tatizo ni kwamba kila ikiyeyushwa upya minyororo yake hukatika, na bidhaa huwa legevu. Hapo ndipo watu huleta unga wa chokaa kuirudishia ukakamavu.

Na hapo ndipo ninapoona hoja ya udongo uliorekebishwa ambayo sijaisikia ikisemwa. Ingia kwenye yadi yoyote ya kuosha plastiki, utakuta tangi refu la maji. Vipande vilivyosagwa vinamwagwa humo: polithini na polipropilini huelea kwa kuwa uzito wake kwa kila sentimita ya ujazo ni chini ya gramu 1, chupa za soda na mabomba ya PVC huzama, kwa kuwa yako karibu gramu 1.4. Mfanyakazi anakusanya vinavyoelea kwa chekeche na kazi imekwisha. Hakuna kamera, hakuna mionzi. Ni teknolojia bora kuliko zote tulizonazo katika kuchambua plastiki, na inategemea jambo moja tu: kwamba kinachopaswa kuelea kinaelea.

Tia asilimia 20 ya chokaa kwenye polipropilini na uzito wake unapanda kutoka gramu 0.9 hadi karibu 1.04. Kiti kilichotengenezwa kwa mchanganyiko huo, siku kitakapovunjika na kurudi yadini, kitazama pamoja na PVC. Kilikuwa polipropilini nzuri. Sasa ni uchafu ndani ya rundo la chupa. Tia badala yake asilimia 5 ya udongo uliobanduka vizuri, uzito unafika 0.93 tu. Kinaelea. Kinaweza kuokolewa tena. Faida ya udongo kwa Nairobi basi, ukiniuliza mimi, haiko kwanza kwenye injini za magari tusizozitengeneza. Iko kwenye kupata ukakamavu kwa kiasi kidogo kiasi kwamba bidhaa haipotei kwenye tangi la maji. Gharama ya chokaa nyingi hailipwi na anayeitia. Inalipwa na mwenye yadi miaka minne baadaye.

Najua jibu litakalokuja: chokaa ni rahisi, udongo uliorekebishwa ni ghali mara kadhaa kwa kilo. Ni kweli, na kwa bidhaa nene ambayo haitarudi tangini hakuna sababu ya kujisumbua. Matofali ya kutandika njiani anayotengeneza Nzambi Matee hapa Nairobi, yaliyompa tuzo ya vijana ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020, ni plastiki na mchanga wa kawaida, silikati isiyorekebishwa kwa chochote. Yanafaa kwa sababu kazi yake ni kubanwa chini ya miguu, na mchanga unaiweza kazi hiyo. Alianza na kazi ya bidhaa, akarudi nyuma hadi kwenye kiungo. Wengi wetu tunaanza na kiungo kilicho shambani kwa babu, halafu tunakitafutia kazi.

Nikifuata mwelekeo huo huo, bidhaa moja ningependa ijaribiwe kwa dhati: mfuko wa kuhifadhia mahindi usiopitisha hewa. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 katika mikoa ya Mashariki na Kati, wengi wao Makueni na Kitui. Mifuko hii husaidia kwa kuwa wadudu na nafaka yenyewe humaliza oksijeni iliyomo, na ukungu hauwezi kuendelea; mradi nafaka iwe imekaushwa kwanza, maana mfuko hautibu unyevu. Polithini huzuia unyevu vizuri lakini oksijeni hupenya kidogo kidogo. Tabaka jembamba la nailoni yenye udongo katikati ya polithini lingeizuia zaidi. Shida yake ni kwamba mfuko wa plastiki mbili zilizogandana hauchambuliki kirahisi mwisho wake ukifika, kwa hiyo tunakuwa tumehamisha tatizo kutoka ghalani hadi yadini. Mimi ningelichagua ghala. Kuna watakaobisha, na ubishi huo una maana kuliko mwingi tulio nao sasa.

Kuhusu moto nitasema kwa ufupi, kwani madai yamekuwa makubwa kuliko ushahidi. Udongo ukiwa umetawanyika vizuri hujikusanya juu ya plastiki inayoungua ukawa gamba, na kilele cha joto linalotolewa hushuka, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu. Lakini plastiki huwaka vile vile, na mwishoni huungua yote, polepole zaidi tu. Kwenye nyaya za umeme dakika hizo zina thamani, hasa udongo ukisaidiana na dawa nyingine za kuzuia moto. Anayekuuzia paa la plastiki «lisiloungua» kwa ajili ya mtaa wa mabanda wa Mukuru eti kwa sababu lina udongo, mwulize kipande akiwashie kiberiti mbele yako.

Pesa za umma ziende wapi basi? Si kwenye ramani nyingine ya mashapo. Za kutuonyesha pa kuanzia zipo tayari. KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, pale South B wangefanya jambo kubwa kwa kuwa na mashine moja ya skrubu mbili ya kukodisha kwa saa, pamoja na kabati la mionzi la kuzeeshea plastiki na fundi asiyehamishwa kila mwaka wa bajeti. Mwenye kiwanda kidogo cha Baba Dogo akaenda na magunia yake matatu ya resini na moja la diatomaiti, akarudi na punje na karatasi ya vipimo. Idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Chiromo ina wanafunzi wanaoweza kupima uwezo wa udongo kubadilishana ioni kwa rangi ya bluu ya methilini, jaribio la gharama ndogo linalokuambia mapema kama shehena inafaa au ni matope ya kawaida.

Na kuna kanuni moja isiyogharimu chochote kujengwa. Mtengenezaji alazimishwe kuandika chini ya bidhaa, pembeni ya ile pembetatu ya namba, ni asilimia ngapi ya uzito wake ni madini. Kusema uongo hapo ni kugumu: kata kipande cha gramu 5 cha kiti, kichome kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 600 mpaka plastiki iishe, kisha pima jivu lililobaki. Mizani ikisoma gramu 1, ni asilimia 20, na kiti hicho kitazama. Mwenye yadi akiijua nambari hiyo mapema atalipa bei tofauti kwa kinachoelea, na mwenye kiwanda atakuwa na sababu ya kifedha, kwa mara ya kwanza, ya kuuliza bei ya udongo uliorekebishwa.